Piga Kula

Shraaap.

Hiyo ndiyo sauti aliyobaki nayo Prudencia Kokugonza kutoka katika miaka kumi na minane ya kazi: raba ikivutwa juu ya kitambaa cha hariri kilichowambwa kwenye fremu, ikiusukuma wino kutoka ukingo huu hadi ule. Mara moja tu. Ukisita katikati, wino unaacha mstari. Ukirudia, rangi inavimba kama jipu. Mara moja, shraaap, kisha unainua fremu, na karatasi imelala pale mezani imeshika rangi, na hakuna la kubishana nayo tena.

Karakana yenyewe ilikuwa Nyakato, Mwanza, nyuma ya maghala ya pamba. Mwaka tisini na saba iliuzwa kwa mtu aliyeijaza marobota ya mitumba hadi kwenye dari. Prudencia alipita pale siku moja, akachungulia dirishani, akaona suruali za wazungu zimelundikwa juu ya meza aliyokuwa akichapia, akatema mate, akaenda zake. Tangu hapo alishona sare za shule kwa cherehani katika vyumba viwili vya kupanga, na kiwanja chake cha Buswelu kilisimama na kuta zisizo na paa. Kila mvua iliponyesha alijua kwamba huko Buswelu mvua inaingia ndani ya nyumba yake bila kubisha hodi.

Alikuwa mwanamke wa kudharau. Alidharau mabango mapya ya mjini yaliyochapwa kwa mashine, ambayo jua la wiki mbili lilitosha kuyafanya yote yawe buluu. Alidharau matajiri wa minofu ya samaki waliojenga maghorofa yenye nguzo zisizobeba kitu. Lakini dharau yake kongwe, aliyoitunza kama sahani za wageni, ilikuwa ya herufi moja. Masista wa Bukoba walimfundisha Kiswahili kwa fimbo, na R yake ilikuwa safi. Mwanza akakuta watu wanasema "habali" na "kalibu". Hakuwasamehe.

Aliyeumia zaidi alikuwa Malimi Chenge, msaidizi wake karakanani, Msukuma mpole mwenye mikono mikubwa. Kila asubuhi ilianza hivi:

"Habali za asubuhi, Dada Plude."

"Sema R, Malimi."

"L."

"R!"

"Ndiyo hiyo hiyo, Dada."

Na karakana nzima ikacheka, na Malimi naye akacheka, kwa miaka kumi na mitano.

*

Jumamosi moja ya mwaka tisini na tisa, Queen, mtoto wa mdogo wake, alikuja kumtembelea. Queen alifanya kazi mapokezi katika hoteli walikofikia wageni wa viwanda vya samaki.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Hizo nywele umesukwa au umegombana na mtu?"

"Ndiyo mtindo, mama mkubwa. Nisikilize. Kuna mgeni pale hotelini, Bwana Henrik. Anapima minofu ya sangara kabla haijapanda ndege. Lakini siku za mapumziko anakusanya mabango."

"Anakusanya mabango? Kwao hakuna kuta?"

"Anayanunua kwa bei. Ameona moja limechanika nusu, limetundikwa kwenye banda la Malimi yule anayeandika vibao vya maduka. Anatafuta zima. Malimi kamwambia labda wewe unalo." Queen aliinama, akanong'ona kama mtu anayetaja ugonjwa. "Lile la *kula*, mama mkubwa."

Cherehani ilinyamaza.

"Sina," Prudencia alisema.

Lakini mgeni alikuwa tayari mlangoni, mrefu, mwekundu wa jua, amevaa suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka. Alisalimia kwa Kiswahili cha vitabuni, akaketi kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, mimi ni mpenzi wa maumbo," alisema.

"Maumbo ya nani?"

Queen alikohoa, akatazama nje.

Mgeni alifungua kitabu kizito chenye picha za machapisho ya Ulaya na Amerika. Duara jekundu ndani ya mraba wa buluu. Pembetatu nne za njano. Mistari myeusi inayokwenda na kurudi kwa usawa ule ule. Alieleza kwamba hii ndiyo sanaa ya pop, iliyochukua rangi za dukani na maumbo ya hesabu ikayaweka ukutani, na kwamba chini ya kila picha imeandikwa bei iliyouzwa mnadani. Prudencia hakutazama bei. Alikiinua kitabu hadi kwenye mwanga, akakishika mbali, mkono umenyooka.

"Hii rangi imepishana," alisema. "Nyekundu imepanda juu ya buluu. Mimi ningeirudisha."

"Hiyo ndiyo inayopendwa zaidi!" mgeni alisema kwa furaha. "Ni chache."

"Bila shaka ni chache. Nyingine walizifanya vizuri."

Bwana Henrik hakuchoka. Kwa msomaji asiyelijua bango lile, lilikuwa hivi. Mwaka tisini na tano, kabla ya uchaguzi wa vyama vingi, shirika moja la elimu ya uraia liliagiza mabango mia tano ya kuwahimiza watu kupiga kura. Sharti lilikuwa moja: rangi isiwe ya chama chochote. Vyama vilikuwa kumi na vitatu, na kati yao vilikuwa vimegawana karibu kila kilichomo kwenye upinde wa mvua. Prudencia alikaa na makopo ya wino yaliyobaki, rangi za mayatima, zambarau na waridi na chungwa lililoiva mno, akachora kwa rula na bikari. Mraba wa zambarau ndilo sanduku. Duara la chungwa ndilo jua la siku ya kupiga kura. Pembetatu ya waridi ndio mkono unaoshuka, na kipande cheupe kwenye ncha yake ndiyo karatasi. Chini yake maneno matano: PIGA KURA NI HAKI YAKO.

"Ujasiri wa rangi hizi," mgeni alisema, amefumba macho. "Zambarau na chungwa! Ulipata wapi wazo?"

"Kwenye rafu ya chini."

"Na ndipo lile neno. Mama, niseme wazi. Yale yenye R ninayo matatu. Nimepewa bure."

"Hayo ndiyo kazi yangu."

"Mazuri sana. Lakini hayo ni matangazo. Yale yenye L ni sanaa." Alivuta hewa. "KULA! Duara linakuwa sahani. Pembetatu inakuwa mkono unaokwenda kuchukua tonge. Kila umbo linageuka kwa herufi moja. Ninyi mliona mbele. Mliwacheka wanasiasa. Wakusanyaji wa kwetu wakiona hilo watapigana."

Prudencia alimtazama mtu huyu aliyelishwa vizuri tangu utotoni. Aibu ya maisha yake, kumbe kule wanaiita kuona mbele.

"Lilikuwa kosa," alisema.

"Ndiyo maana lina thamani. Na kama lipo lenye alama ya penseli pembeni, mkono wa aliyelikagua, thamani ni mara tatu. Penseli inaonyesha kwamba mtu mwenyewe alikuwepo."

Kisha akataja bei. Queen aliketi ghafla juu ya sare zilizokwisha pigwa pasi. Ilikuwa bei ya bati za nyumba nzima ya Buswelu, na misumari yake, na fundi wake, na soda ya fundi.

"Sina," Prudencia alisema tena, ila safari hii kwa sauti ya mtu anayetafakari.

*

Alikuwa nalo. Lilikuwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, limebanwa kati ya kioo na ubao, mwaka wa nne sasa. Wageni walipoondoka aliishusha picha, akaikung'uta vumbi, akalitoa. Hakuna hata rangi moja iliyopishana. Kingo zilikuwa kali kama zilizokatwa kwa wembe. PIGA KULA NI HAKI YAKO. Na pembeni chini, kwa penseli, mwandiko aliofundishwa na masista: *Sawa. P.K.*

Kwa mgeni, penseli ile ilikuwa mara tatu. Kwa Prudencia ilikuwa siku ile yote.

Siku ile barua ya shirika ilikuja imepigwa chapa kwa utepe uliochoka, herufi zimefifia kama nyayo za kuku. Miwani alishaandikiwa hospitali, akaitia kwenye droo, kwa sababu mwanamke wa sura yake hakuona haja ya kuvaa vioo mbele ya wanaume wa karakana. Basi akampa Malimi barua. "Nisomee maneno," alisema, akashika kisu cha kukatia stensili, karatasi ngumu ya kutobolea herufi.

Na Malimi akasoma alivyosoma siku zote, polepole, kwa heshima: "Piga kula. Ni. Haki. Yako."

Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa ulimi huo mara elfu, na mara elfu sikio lake liliyanyoosha lenyewe. Siku ile sikio lilikuwa linawaza zambarau na chungwa. Mkono ulisikia L, ukakata L, vizuri sana, pembe ya nyuzi tisini kamili. Kulikuwa na R moja tu katika bango zima, na hiyo ndiyo aliyoikosa. Karatasi ya kwanza ilipotoka aliishika mbali, mkono umenyooka, akakagua kingo, akakagua rangi, hakusoma. Akaandika *Sawa*.

Mabango sitini yalikwenda Nyegezi, yakabandikwa stendi ya mabasi. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa mbele yake wakishika matumbo kwa kicheko. Mwingine alishika bakuli la ubwabwa juu, akapaza sauti kwamba yeye amekwisha piga, tena amepiga yote.

Meneja, Bwana Josephat, aliwakusanya karakanani. "Nani aliyekata herufi hizi?"

Hakuna aliyemtaja mtu. Macho yenyewe yalikwenda, yote pamoja, kwa Malimi.

Malimi aliitazama mikono yake. "Mimi ndiye nilisoma balua, mzee," alisema. "Labda nilisoma vibaya."

"Ndivyo unavyosoma siku zote," Josephat alisema.

Kisu kilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Prudencia. Alikihisi kwenye paja. Angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungetosha. Lakini yeye alisema, "Miaka yote nimemwambia ajifunze kusema R."

Kazi ya mwisho ya Malimi ilikuwa kwenda Nyegezi na ndoo ya maji na kijembe kubandua yale mabango. Mengine yalichomwa uani, na mapya yakachapwa yenye R. Prudencia aliichukua ile karatasi yenye penseli yake kabla haijafika motoni. Si kwa kuipenda, bali kwa sababu meneja angeweza kuiona.

Sasa aliiweka juu ya cherehani, akachukua ufutio wa penseli anaofutia chaki za wateja. Kuvuta ufutio mara nne tu, basi. Bei ingeshuka, lakini ingebaki ya kutosha bati za mbele. Aliugusisha ufutio kwenye karatasi, akaona jinsi nyuzi za karatasi zitakavyosimama, jinsi waridi ile safi itakavyochafuka pembeni. Mkono ukakataa. Usimpe sifa kwa hilo. Hakuwa amewaza Malimi hata kidogo. Alishindwa tu kuharibu kazi iliyotoka vizuri.

Akaona njia iliyo nyepesi zaidi. *Sawa* ile, angemwambia mgeni, ilikuwa sawa ya rangi. Rangi zilikuwa zake. Herufi zilikuwa za Malimi. Jumapili akampelekea Queen ujumbe kwamba bango limepatikana.

*

Jumatatu walikwenda watatu, Prudencia, Queen na Bwana Henrik, hadi kwenye banda la Malimi kando ya barabara ya viwandani. Mgeni alikuwa na fomu. Wakusanyaji, alieleza, wanataka cheti: nani alichora, nani alikata, kosa lilitokeaje. Malimi ameshakubali kutia sahihi. Kichwa cha habari amekwisha kukiandika kwa lugha yake, akawafasiria njiani kwa tabasamu: "Fundi asiyeweza kutamka R."

"Kinafaa," Prudencia alisema. Bango lilikuwa kwapani, limekunjwa ndani ya gazeti.

Hakuwa ameingia banda lile kamwe. Kwa miaka minne alipita upande wa pili wa barabara na kuwaambia watu kwamba huko ndani lazima kuna vibao vya SARUNI YA KIKE na MAFUTA YA KURA. Sasa aliingia na macho yake yamekwisha chongwa kwa ajili ya makosa, na miwani puani, kwa sababu siku hizi hapakuwa na wanaume aliojali kuwaficha.

"Dada Plude!" Malimi aliruka kutoka kwenye benchi, akifuta rangi mikononi. Alikuwa ameota mvi. "Kalibu, kalibu sana! Evelina, lete kiti cha Dada. Huyu ndiye mwalimu wangu, mwanangu. Huyu alinifundisha langi zote."

Evelina, msichana wa kidato cha tatu, alipiga goti, akatoa shikamoo, akaleta kiti.

Prudencia hakuketi. Alisoma. GEREJI. MASHINE YA KUSAGA NA KUKOBOA. CHAKULA BORA KWA BEI NAFUU. DUKA LA VIPURI. Vibao ishirini vilivyoegemezwa ukutani, vikisubiri wenyewe, na kila R ilikuwa mahali pake, imechorwa kwa uangalifu kuliko herufi zote, nene kidogo, kama mtu aliyeishika kwa mikono miwili isidondoke. Hakuona kosa hata moja. Alianza upya kutoka mwanzo, akatafuta kwa hasira. Hakuna.

Juu ya meza palikuwa na kamusi iliyopasuka mgongo. Na ukutani, karibu na lile bango lililochanika nusu, palikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa safu mbili kwa mkono wa Malimi. KURA, KULA. KARAMU, KALAMU. HARI, HALI. MAHARI, MAHALI. Ilishuka hivyo hadi chini, na boksi lilipoisha alikuwa ameunganisha lingine.

"Hiyo ni nini?" Prudencia aliuliza.

Malimi alicheka, akajikuna shingo. "Aa, hiyo. Tangu yale ya Nyegezi, Dada, nikishika blashi mkono unatetemeka. Basi kabla ya kuandika kibao nasoma pale. Na Evelina anakagua helufi moja moja. Siku asipokuwepo, siandiki. Wateja wanangoja tu."

"Miaka minne?" Queen alisema.

"Helufi moja ilinitoa kazini, binti yangu. Si mchezo." Akamgeukia mgeni. "Haya, Bwana, kalatasi iko wapi niweke sahihi? Maana sasa kosa langu limekuwa mali!"

Bwana Henrik alifungua kalamu, akaiweka fomu mezani juu ya kamusi. "Kwa ajili ya kumbukumbu," alisema. "Aliyekata herufi L ni nani?"

"Mimi," Malimi alisema. Akatoa ulimi nje, akaugusa kwa kidole chenye rangi, akacheka. "Ulimi huu hapa."

Evelina hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, anatazama chini.

Mgeni alianza kuandika. Prudencia aliiona kalamu ikishuka kwenye mstari, mara moja tu, bila kusita, na akajua kwamba ikifika mwisho wa mstari ule hakuna atakayeweza kubishana nao tena. Alichomoa gazeti kwapani. Alilikunjua bango juu ya fomu, juu ya kalamu na mkono wa mgeni, wino wake ukaacha nukta nyeusi kwenye waridi ile iliyokuwa safi miaka yote.

"Mama!" mgeni alipiga kelele. "Limeharibika!"

Prudencia alimshika Malimi kiwiko, akamwinamisha hadi macho yake yakafika pembeni chini, kwenye penseli.

Malimi alisoma polepole, kwa heshima, kama alivyosoma siku zote. "Sawa. P.K." Akarudia tena, midomo tu. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na kicheko cha kumpa.

Prudencia alivua miwani. Lori lilikuwa likipita barabarani, na ilibidi Malimi asogeze sikio ili asikie.

"Ulisoma vilevile unavyosoma siku zote," alisema. "Kisu kilikuwa changu."